Wiki kumi na programu ya utabiri: tathmini ya mkimbiaji wa marathoni ya Oktoba

Nilianza kuilipia programu hii mwanzoni mwa Agosti, wiki kumi kabla ya marathoni yangu. Ile ya bure iliyokuja na simu inachora kijua na kiwingu, na anayetaka kujua kama abebe mwavuli, inamtosha. Swali langu lilikuwa jingine. Mbio zinaanza saa mbili asubuhi, na kwa mwendo niliojipangia nitakuwa kilomita ya 30 saa nne na dakika arobaini. Hewa ya saa hiyo itakuwaje? Si ile ya alfajiri ninapofunga kamba za viatu, wala ile ya "joto la juu leo" linalofika alasiri nikiwa nimeshaoga. Jina la programu silitaji kwa sababu nina malalamiko nayo, lakini mambo ninayoyaeleza yapo kwenye programu nyingi za kulipia.

Marathoni za majira ya majani kupukutika zinasifiwa kuwa na hewa nzuri, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Shida ni kwamba majira yenyewe hayajaamua. Kiangazi hakijaondoka na baridi haijaingia. Wimbi la hewa baridi likichelewa nusu siku tu, mbio za nyuzi 8 zinakuwa za nyuzi 20. Tarehe 1 Oktoba 2023 marathoni ya Twin Cities kule Minnesota ilifutwa asubuhi ya mbio kwa sababu ya joto. Siku saba baadaye, katika ukanda huohuo wa Marekani, Kelvin Kiptum alikimbia Chicago kwa saa 2:00:35, rekodi ya dunia wakati huo, asubuhi ya baridi. Na Chicago hiyohiyo, tarehe 7 Oktoba 2007, joto lilikaribia nyuzi 31 na waandaaji wakasimamisha mbio maelfu ya watu wakiwa bado njiani. Mtu akiniambia "Oktoba hakuna joto", huwa namkumbusha siku hiyo.

Nianze na sifa, kwa kuwa anastahili sifa aliyetengeneza ukurasa wa saa kwa saa. Unachagua mahali na muda, na inakuonyesha mistari mitatu pamoja: joto, kiwango cha umande na upepo. Huo wa kati ndio ulionifanya nilipe. Kiwango cha umande ni zile nyuzi ambazo hewa ikipoa mpaka hapo, mvuke uliomo huanza kugeuka matone. Kwa mkimbiaji namba hiyo inasema kweli kuliko asilimia ya unyevu. Asilimia 95 kwenye nyuzi 7 haina neno. Asilimia 70 kwenye nyuzi 24 inamwangusha mtu. Mwili unaokimbia hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu yake kusogea, sehemu kubwa inageuka joto, na joto hilo hutoka hasa kwa jasho kukauka juu ya ngozi. Hewa ikishajaa mvuke jasho linachuruzika tu bila kukauka, na moyo unapiga mbio kumpoza mtu ambaye hapoi. Kiwango cha umande kikiwa chini ya nyuzi 10 sina wasiwasi. Kikipita 15, napunguza mwendo kabla mwili haujanilazimisha.

Agosti nzima niliitumia kwa mazoezi. Kila Jumapili ya mbio ndefu niliandika daftarini namba ya umande na mwendo nilioumudu bila mapigo ya moyo kupanda. Kufika Septemba nilikuwa na jedwali langu mwenyewe, la mwili wangu. Hakuna programu inayoweza kukupa hilo. Iliyo nzuri inakupa namba za kulijenga.

Sasa malalamiko.

Siku kumi kabla ya mbio ilifunguka siku yangu kwenye kalenda: nyuzi 9, mawingu kiasi. Nilifurahi kama mtoto. Siku ya saba zikawa 17. Siku ya tano, 12. Siku ya tatu, 19. Kila mara namba moja tu, kubwa, nyeupe, bila alama yoyote ya shaka. Lakini vituo vikubwa vya utabiri haviendeshi hesabu moja. Kile cha Ulaya huendesha makumi ya hesabu sambamba, kila moja ikianza na tofauti ndogo, ili kuona zinapishana kiasi gani. Siku kumi mbele zinapishana sana. Programu yangu ilikuwa na uwezo wa kuniambia "kati ya nyuzi 6 na 20", nami ningelala vizuri. Ikachagua namba moja na kuniachia kuamka usiku kuiangalia.

Mwenzangu wa mazoezi ni shemeji yangu, aliyenitangulia kwa marathoni nane. Nilipompigia kumpa habari ya nyuzi 9 alinikatiza: "Shemeji, hiyo ifute kichwani. Mbio ni Jumapili, wewe soma ya Alhamisi." Yeye pia ndiye aliyenifundisha kwamba hesabu kubwa za hali ya hewa duniani huanzishwa upya mara nne tu kwa siku, kila baada ya saa sita, na majibu yake huja saa kadhaa baadaye. Anayefungua simu kila dakika kumi anasoma habari ileile. Laiti programu ingeandika juu ya ukurasa lini namba zake zimebadilishwa! Inatuma arifa za radi iliyo mbali nami, lakini hilo haisemi.

Lalamiko la pili ni ile namba ya "unavyohisi", iliyowekwa kwa herufi nene kuliko joto lenyewe. Vipimo vya namna hiyo, cha baridi na cha joto, vimekadiriwa kwa mtu anayetembea. Kile cha joto humweka hata kivulini. Mimi nakimbia saa karibu nne juani. Siku ya mazoezi ya nyuzi 6 ilinionyesha 2, nikavaa fulana ya mikono mirefu na koti jepesi, na kilomita ya tano nilikuwa nimelifunga koti kiunoni, shati limelowa. Tangu hapo navaa kana kwamba kuna nyuzi 10 zaidi ya zilizoandikwa, na mpaka kupasha misuli kuishe navaa sweta kuukuu ambalo sitajali kuliacha.

Upepo imeupata nusu. Inaonyesha kasi na mwelekeo, vizuri, lakini kasi hiyo ni ya mita 10 juu ya ardhi mahali pa wazi. Katikati ya majengo hupungua, kisha kwenye makutano ya barabara hukupiga ghafla ubavuni. Nilichora njia ya mbio kwenye karatasi, nikaweka mshale wa upepo juu yake, nikaona kwamba kilomita 8 za mwisho zingekuwa za upepo wa mbisho. Kazi ya dakika tano, na imenifaa kuliko picha zote za rada: kilomita ya 33 nilijua natakiwa niwe nyuma ya kundi, nami nikawa nyuma ya kundi.

Saa 48 za mwisho, lazima niseme, ilikuwa hodari. Ijumaa asubuhi ilisema nyuzi 15 wakati wa kuanza, umande 14, nyuzi 20 saa tano, mawingu kuondoka saa nne. Shabaha yangu ilikuwa saa 3:45, yaani dakika 5:20 kwa kilomita. Nikafungua daftari, nikatafuta Jumapili zilizofanana, na jedwali likanijibu 5:32. Iliniuma. Miezi ya mazoezi, halafu unaiacha shabaha jikoni kwenye meza, siku mbili kabla. Jumapili ilikuja kama ilivyotabiriwa, ila mawingu yaliondoka mapema, saa tatu na robo, na saa tano joto lilikuwa 21. Nilimaliza kwa 3:52:40. Kuanzia kilomita ya 30 niliwapita watu wengi sana waliokuwa wakitembea, wengine wamekaa ukingoni na vikombe vya maji kichwani, na nina hakika baadhi yao walikuwa bado wanakimbia zile nyuzi 9.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ukurasa wa saa kwa saa peke yake ni wa nyota tano. Kilichozipunguza ni ile kalenda ya siku kumi, na wanaoitengeneza wakiniwekea pale kiwango cha chini na cha juu badala ya namba moja, nitairekebisha tathmini hii siku hiyohiyo. Kwa sasa nimesimamisha malipo. Nitayafungua tena miezi ya mazoezi ya mwakani, na ile kalenda nimeshaiondoa kwenye uso wa simu.