Gari la Kulala, Injini Nayo Ikapewa Godoro

Mimi si mtu wa kumwanika fundi. Fundi ni kama mkwe: ukikosana naye, siku ya shida utarudi kwake umeinamisha kichwa. Lakini hili la gereji ya Ndeeba, hapa Kampala, limenikaa kooni tangu kabla ya mvua, leo nalitema.

Nina HiAce kuukuu. Nyuma ina kitanda na jiko la gesi, ndiyo inayotupeleka mbuga ya Ziwa Mburo mimi na mama watoto kila tukipata nafasi. Waliowahi kuendesha zile za zamani wanajua: injini iko chini ya makalio ya dereva. Sponji ya kiwandani iliyobandikwa ndani ya kifuniko ilikuwa imekwisha. Ukiigusa inakuachia vumbi jeusi vidoleni, na vipande vinadondokea injini. Kelele sasa! Tulikuwa tunaongea kama watu walio kwenye mashine ya kusaga. Joto nalo linapanda mpaka ndala inalainika mguuni.

Mwenye gereji nilimweleza kwa Kiswahili, maana anakijua vizuri, asije akasema hakuelewa. Nataka ile sponji isiyonyonya maji wala mafuta, yenye karatasi ya fedha upande wa injini. Akajibu, "Hiyo ndiyo tunaweka kila siku, ssebo," yaani bwana. Tukapatana shilingi 350,000 za Uganda, nikamwachia funguo.

Haki yake nimpe. Vijana wake walikwangua vizuri, brashi ya waya kwanza, kisha thina, mpaka bati likaonekana. Wengi hubandika juu ya gundi ya zamani na kukuombea safari njema. Jioni nilikuta karatasi inang'aa kama sufuria ya harusi.

Jumamosi tukaingia barabara ya Masaka. Jamani, kimya! Pale Mpambire, kwa watengeneza ngoma, mama watoto akanigeukia: "Kumbe huwa unaimba ukiendesha?" Miaka yote hiyo hakuwahi kunisikia. Nikaanza kutunga kichwani sifa za kumwandikia yule bwana, na mke wa bwana, na vijana wote.

Kabla ya Kayabwe, harufu. Si ya breki, si ya mafuta. Harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo ya nailoni. Nikasimama karibu na lile duara la ikweta ambapo watalii hupiga picha, wengine wameinamia beseni wanaonyeshwa maji yanavyozunguka, nami nainua kiti. Karatasi imening'inia. Gundi imelainika kwa joto, inavutika kama ulimbo, na kona moja imelalia bomba la ekzosti, imeshakuwa kahawia. Nikavuta. Ndani, sponji laini ya njano. Nikaigeuza: imebaki na kitambaa chake. Maua ya zambarau.

Godoro. Tena kuukuu.

Mama watoto akalitazama, akasema tu, "Hili lilikuwa la mtu."

Godoro linanyonya dizeli kama andazi linavyonyonya mafuta, na likishika moto halikupi muda wa kutafuta mlango. Nyuma yetu, mtungi wa gesi. Nililing'oa lote pale pale, tukaenda mpaka Mburo na kelele kuliko za mwanzo, kwa sababu sasa hata lile vumbi jeusi halikuwepo.

Tuliporudi nikaenda gereji moja kwa moja. Nilimkuta anakula rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, na hakuacha. Nikamtandazia maua yake juu ya benchi. Akayatazama, akatafuna, akasema: "Mzee, si ulisema ni gari la kulala?" Gereji nzima ikaangua kicheko.

Godoro ningelisamehe. Watu wanatafuta riziki, na huenda siku hiyo sponji ilikosekana. Lakini ile "mzee"! Mimi nimemzidi umri kidogo sana. Nilidai pesa, akanirudishia 100,000, akaihesabu polepole kama anayetoa sadaka. Msiende. Msipeleke pale hata baiskeli kujazwa upepo.

Ila. Nikiwa natoka, kijana mmoja, yule aliyekwangua, alinifuata mpaka getini akaomba namba. Jumapili akaja nyumbani na brashi yake. Nilikuwa nimeshanunua sponji mwenyewe, safari hii kwanza nikaomba kipande, nikakitumbukiza kwenye maji nikakikamua, tone halikutoka. Kijana akabandika, kisha akakazia kwa skrubu na washa pana kila kona, akisema gundi peke yake haiaminiki juu ya injini. Alifanya kazi mpaka magharibi. "Nilimwambia," alisema mara moja tu, bila kuinua macho. Ndiyo maana sitaji gereji. Bado yuko pale, na ukikwama Ndeeba, mwombe yeye. Nimesema msiende, lakini akiwepo yeye, sijui. Nendeni mkasimamie.

Sasa hakuna harufu, joto limepungua, nimeshakwenda Mbarara na kurudi. Kinachoniuma ni kwamba kimya kile cha Mpambire hakijarudi. Sponji hii inazuia mafuta, lakini kelele haizinyonyi kama lile godoro la mtu. Nikiimba, mama watoto hasikii tena. Anasema afadhali.