Gari la kukodi Mwanza–Bukoba: anza na spea tairi

Mwezi wa kumi tairi lilitupasukia kabla ya kufika Muleba. Watu watano, mizigo, jua linazama. Tukashusha spea: jembamba, limekauka, limechanika ubavuni. Nikalimulika kwa simu nikasoma tarakimu 4 za mwisho, 3104. Maana yake lilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2004. Lilikuja na gari kutoka Japani na hakuna aliyewahi kuligusa. Tukalala njiani.

Habari za kiyoyozi na ulaji wa mafuta sitaziandika, hizo kila dalali atakueleza bila kuulizwa. Spea hatakuonyesha.

Na safari yenyewe ni tamu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko imekwisha. Kilomita 3 tu umeshavuka ghuba. Unapita Sengerema na Geita, unasimama Biharamulo kuona boma la Wajerumani, kisha unaingia kwenye vilima na migomba ya Muleba mpaka Bukoba, mji alioanzisha Mjerumani Emin Pasha mwaka 1890. Barabara ya namna hiyo inataka gari unaloliamini.

Namba moja kwangu ni Toyota RAV4 ya zamani, ile yenye spea mlango wa nyuma. Naipenda, sifichi. Tairi liko machoni pako kabla hujatoa hela. Ila mwambie mwenye gari avue kava, usome tarakimu, ubonyeze mpira, uulize upepo ulijazwa lini.

Ya pili ni Prado. Ina nguvu kwenye vilima, lakini njia hii ni lami, na bei yake ya siku moja inatosha siku mbili za RAV4. Ya tatu ni Noah, kama mnaenda na watoto na bibi. Hapo itabidi upige magoti kutafuta spea ilipo. IST ni rahisi, ya mizunguko ya mjini.

Ukikuta spea jembamba la muda, jua kwamba halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa na linajazwa upepo mwingi, psi 60. Ni la kukufikisha kwa fundi pancha tu. Hakikisha pia jeki na spana ya magurudumu vipo, ujaribu spana kwenye nati palepale.

Kinachoniuma mpaka leo ni amana. Niliporudi Mwanza, mkodishaji alinikata bei ya tairi jipya kwa sababu lile spea bovu "lilichanikia mikononi mwangu". La 2004! Sasa nadai picha ya tarakimu za matairi yote 5 kwa WhatsApp kabla sijalipa hata shilingi, na kwenye mkataba tunaandika nani analipia tairi likipasuka. Safari iliyopita wakodishaji wawili walikataa kutuma. Wa tatu alituma baada ya dakika 10, na gari lilikuwa RAV4.