Wanyama na bahari kwa hela ya kawaida: nunua siti, usinunue mbuga

Kila likizo ikikaribia watu wananiuliza swali lile lile, eti bro na sisi tunataka twende mbugani halafu beach kidogo, shilingi ngapi, na kabla sijajibu wameshajijibu wenyewe kwamba mambo ya mbuga ni ya wazungu. Sio kweli. Nilivyolipa mimi mara ya mwisho pale Mikumi, kiingilio cha Mtanzania mtu mzima kilikuwa 5,900 pamoja na VAT. Yaani sahani ya chipsi kuku inazidi. Hata Serengeti yenyewe inayoimbwa dunia nzima nililipa 11,800.

Sa kinachowaua watu ni nini? Ni gari. Mbuga nyingi huwezi kuingia kwa miguu ukaanza kuzurura kama uko Kariakoo, lazima uwe ndani ya gari, na gari la kukodi linaanzia laki mbili kwenda juu, na lenyewe lina kiingilio chake. Ndo maana huu mwongozo nimeupanga kwa gharama ya siti. Swali la kujiuliza kabla hujatoa hela sio mbuga gani ni nzuri, ni wapi naweza kuona wanyama bila kubeba gari zima peke yangu. Mahesabu ni ya mtu anayeanzia Dar, wa mikoa mingine mtanisamehe ila wa Mwanza na Arusha nimewakumbuka huko chini.

Halafu kitambulisho. Bila NIDA (kitambulisho cha taifa) au pasi ya kusafiria hiyo bei ya wenyeji usahau. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki, Wakenya, Waganda, Warundi na wengine, mnalipa sawa na sisi ila mje na kitambulisho cha kwenu. Na nyie mlioko nje mliobadilisha pasi, mkija mnahesabiwa wageni, mnalipa bei ya wageni, haijalishi bibi yako kazaliwa Kilosa na Kiswahili chako kimenyooka namna gani. Nimeona mtu anabishana getini nusu saa huku gari zima linamsubiri, na mwisho akalipa. Na getini hawapokei keshi, unapewa kontroo namba unalipa kwa simu, kwa hiyo weka salio mapema maana mtandao huko porini unakuja na kuondoka.

Namba 1: Mikumi, kwa kugawana gari

Hii naiweka juu bila kupepesa macho. Kwanza barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, kama kilomita 50 hivi, kwa hiyo ukiwa kwenye basi tu la kawaida unaona twiga, pundamilia, swala, nyani wa kumwaga na ukibahatika tembo, bure kabisa (kaa dirishani, na usimrushie nyani ndizi tafadhali). Watu wengi wa Mbeya na Iringa wameshaona wanyama wengi kuliko watalii na wala hawajui kama hiyo ni utalii.

Sasa namna ya kununua. Njia ya kwanza ni pakeji za siku moja kutoka Dar, zile za matangazo ya Instagram, mnaondoka alfajiri mnarudi usiku. Mi nilinunua moja mwaka fulani, jina la kampuni naliacha, laki na tisini kila kitu ndani, tukaambiwa saa 10 alfajiri gari linaondoka, likaondoka saa 1 asubuhi kwa sababu kuna dada alikuwa anasubiriwa Kimara, tukaingia getini saa 8 mchana jua la utosi wanyama wote wamejificha kivulini, na tulikuwa Coaster watu 28 kwa hiyo sisi wa siti za kati tuliona visogo kuliko tembo. Saa 11 jioni tukageuza. Simba tulimuona kwenye simu ya dereva, picha ya wiki iliyopita.

Njia ya pili ndo ninayoipendekeza. Panda treni ya SGR mpaka Morogoro, daraja la kawaida ni 13,000 na hata masaa mawili hayaishi. Stesheni ya Moro iko nje kidogo ya mji kwa hiyo weka hela ya bajaji mpaka stendi ya Msamvu, pale unadaka basi lolote la Iringa, Mbeya au Ifakara, unashuka Mikumi mjini. Lala gesti. Jioni hiyo hiyo ongea na wenye magari, wapo, na hata mhudumu wa gesti atakupigia mtu, mkubaliane mtoke saa 12 kasorobo asubuhi muwe getini wa kwanza kwanza. Asubuhi uwanda wa Mkata ni kitu kingine kabisa, ukungu unapanda, nyati wako barabarani, na kwenye bwawa la viboko unasikia wanavyokoroma kabla hujawaona. Hapo ndo utaelewa kwa nini yule wa Coaster ya saa 8 kaibiwa.

Mara ya mwisho tulikuwa watano, gari la laki mbili na nusu na kiingilio chake ndani, kwa hiyo elfu 50 kila mtu. Mchanganuo wangu mimi: treni kwenda na kurudi 26,000, basi Msamvu na Mikumi kwenda na kurudi 18,000, gesti 25,000, gari 50,000, kiingilio 5,900, misosi 25,000, bajaji na vidogo vidogo 10,000. Inakuja kama laki na sitini. Nafuu kuliko ile pakeji, na nimelala, na nimeona simba wawili wa kweli. Kama mko wawili tu hii hesabu inaharibika, gari linakuwa laki na 25 kila kichwa, kwa hiyo tafuteni watu kwanza ndo mkate tiketi. Ijumaa na Jumamosi jioni pale Mikumi mjini kunakuwaga na wenzenu wanatafuta watu vile vile, msiogope kuuliza meza ya pili.

Namba 2: Udzungwa, huhitaji gari kabisa

Watu wanaipita hii wakati iko jirani tu na Mikumi, unachukua basi la Ifakara unapita Kidatu na mashamba ya miwa unashuka Mang'ula, geti la hifadhi liko hapo hapo. Udzungwa ni mbuga ya kutembea kwa miguu. Hakuna barabara za magari ndani, kwa hiyo ule ugonjwa wetu mkubwa wa bajeti umekufa wenyewe, unalipa kiingilio na mwongozaji basi. Maporomoko ya Sanje yana mita 170, unapanda mlima kwelikweli, unaoga huko juu maji ya baridi, na kuna nyani na mbega wa aina ambayo haipo popote pengine duniani.

Kwa nini sio namba moja? Kwa sababu mtu akisema nataka wanyama anamaanisha tembo na simba, sio nyani. Na kuna mashemeji wanaokuja na sendo za kisigino. Ila kama umeshafika Mikumi ongeza siku moja tu uende, usiwe mvivu.

Namba 3: Zanzibar, ukijua kununua

Boti ya kasi kutoka Dar ni masaa mawili hivi, Mtanzania daraja la kawaida inazunguka kwenye elfu 30, mgeni dola 35. Kata tiketi dirishani au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe, wale vijana wa nje wanaokuita mkubwa mkubwa njoo huku waache wapite. Miezi ya upepo wa kusi, kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, bahari inachafuka, kula kidogo na kaa nyuma chini, wenye kukaa mbele wanajua ninachosema.

Kisiwani kosa kubwa la watu wa bara ni teksi. Kutoka mjini kwenda Nungwi kuna daladala namba 116, inachukua muda, inasimama kila kijiji, lakini ni hela ndogo kabisa ukilinganisha na teksi ambayo inakula bajeti ya siku mbili. Papasi, wale vijana wanaowavizia wageni, watakwambia hakuna daladala leo. Ipo.

Kuhusu upande gani, hapa watu wanaumia kimya kimya. Paje na Jambiani ni pazuri ila maji yakitoka yanatoka kweli, unatembea mpaka unachoka bahari bado iko kwenye upeo wa macho, wakati Nungwi na Kendwa unaogelea karibu muda wote. Kwa hiyo kama umeenda siku mbili tu chukua kaskazini, kama unakaa wiki kusini mashariki ni kimya na vyumba vya bei ya kawaida vinapatikana vijijini ukiacha ile mistari ya ufukweni. Chakula kula wanapokula wenyeji, urojo, chapati na maharage, pweza wa jioni, Forodhani, lile soko la chakula la usiku pale mjini, nenda kapige picha halafu uliza bei kabla hujanyoosha kidole, sio baada. Ramadhani mchana jipange, migahawa mingi ya kawaida inafungwa.

Ukija na mgeni wa nje, tangu Oktoba 2024 anatakiwa kukata bima ya Zanzibar ya dola 44. Mwambie mapema asije akadhani unampiga.

Namba 4: Mafia, kama unaenda kati ya Oktoba na Februari

Hii ni ya papa potwe tu. Samaki mkubwa kuliko wote duniani, hana shida na mtu, anakula viumbe vidogo vidogo vya baharini, na unaogelea pembeni yake pale Kilindoni. Usafiri wa bei ya chini ni gari za Mbagala mpaka Nyamisati halafu kivuko, na hapo uvumilivu unahitajika maana kivuko kinafuata maji kujaa na kupwa na kinachukua masaa kadhaa. Ndege ndogo zipo ila tunazungumzia bajeti. Lala Kilindoni mjini, usikimbilie Utende, kule Utende unaingia eneo la hifadhi ya bahari unalipia kila siku wakati papa mwenyewe yuko upande wa Kilindoni. Boti mnagawana kama gari la Mikumi, kanuni ni ile ile. Ukienda Juni kumtafuta papa potwe umeenda kula nazi.

Namba 5: Serengeti kwa mlango wa nyuma

Kwa mtu wa Dar hii ni ghali kwa sababu ya umbali, naiweka hapa kwa ajili ya watu wa Kanda ya Ziwa ambao sijui kwa nini wanasubiri kwenda Arusha kwanza. Geti la Ndabaka liko barabarani kabisa, barabara ya Mwanza kwenda Musoma, karibu na Lamadi. Mnakodi Noah au Land Cruiser watu sita saba, mnaingia asubuhi mnatoka jioni. Kati ya Mei na Julai nyumbu wanapita upande huo wa mto Grumeti na mamba wanawasubiri. Mvua zikinyesha udongo mweusi wa kule unateleza kama sabuni, Noah iache nyumbani.

Kuna pia mabasi ya Arusha kwenda Musoma yanayokatiza Ngorongoro na Serengeti, unalipa nauli na viingilio vya huko njiani. Dereva hasimamishi gari eti kuna chui juu ya mti, yeye ana ratiba yake, lakini kwa msafiri ambaye alikuwa anaenda Musoma hata hivyo, aisee ni safari ambayo hutolala njiani. Na wa Mwanza mjini wenye watoto na hela ya Jumapili moja tu, Saanane ni dakika chache za boti. Wa Arusha nyie mna Arusha National Park pale ukitokea Usa River, unatembea kwa miguu na askari mwenye bunduki katikati ya twiga na nyati. Simba hamna, ndo maana mnatembea.

Namba 6: Saadani

Najua mtanishambulia. Saadani ndo hifadhi pekee ya taifa nchini ambayo pori linaishia kwenye mchanga wa bahari, yaani kwenye karatasi ndo jibu la swali zima, wanyama na beach sehemu moja, na wala sio mbali, unapita Bagamoyo tu. Tatizo usafiri wa umma kule ni wa kubahatisha, magari ya kugawana hakuna kama Mikumi, malazi machache na mengi ni ya bei ya juu, masika njia inakuwa tope. Kwa hiyo usipokuwa na gari unalipa gari kutoka Dar na kurudi na siku zote utakazokaa. Ila kama wewe au mjomba wako ana gari la foo wili na mnajaa watu watano na mahema yenu, basi futa yote niliyosema, Saadani inapanda mpaka namba moja, unaamka asubuhi unakuta nyayo za wanyama kwenye mchanga pembeni ya maji.

Ambaye mfuko umekataa kabisa mwezi huu, panda pantoni la Kigamboni shilingi 200, au nenda Kunduchi mchange boti ya Mbudya. Samaki wa kuchoma ulizeni bei kabla hajaingia kwenye moto.