Miezi mitatu katika nyumba ya intaneti ya kasi, Kansas City: uzoefu wangu

Mwanzoni mwa mwaka 2013 nilikuwa nikiishi Minneapolis, Marekani, nikitengeneza masomo ya fizikia kwa video kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nyumbani Tanzania, lakini kodi ya chumba ilikuwa inamaliza karibu akiba yangu yote. Ndipo nikasikia kwamba huko Kansas City, ambako Google Fiber, huduma ya intaneti ya kasi ya kampuni ya Google, ilianza kuunganisha nyumba za watu mwezi Novemba 2012, wapo wenye nyumba waliokuwa tayari kumpa mjasiriamali wa teknolojia chumba kwa miezi mitatu bila kodi. Niliomba, nikakubaliwa.

Nyumba ilikuwa ya mbao, ya zamani, karibu na barabara ya State Line, ambayo upande mmoja ni jimbo la Kansas na upande wa pili ni Missouri. Nyumba kadhaa za jirani zilikuwa zimegeuzwa ofisi za kampuni changa, eneo likaitwa Kansas City Startup Village, na mwaka huohuo mwekezaji Brad Feld wa Colorado alinunua nyumba hapo ili timu itakayoshinda shindano lake iishi bila kulipa kodi. Mwenyeji wetu alikuwa akilipa dola 70 kwa mwezi kwa gigabiti 1 (yaani megabiti 1,000) kwa sekunde, kupakua na kupakia, yaani kupokea na kutuma, kwa kasi ileile.

Hilo la kupakia ndilo lililonipeleka. Nilikuwa na diski yenye gigabaiti 200 za video alizorekodi mwalimu mwenzangu wa Morogoro, na kwa megabiti 5 kwa sekunde za kupakia nilizokuwa nazo Minneapolis, kazi hiyo ingechukua karibu siku nne bila kukatika. Siku ya kwanza, hata hivyo, nilivunjika moyo, kwa kuwa tundu la waya wa intaneti la kompyuta yangu lilipitisha megabiti 100 tu kwa sekunde, na bila waya ilikuwa polepole zaidi. Mkazi mwenzangu aliniazima kompyuta yake asubuhi iliyofuata, na video zote zilikuwa zimepanda kabla ya chakula cha mchana. Anayekwenda mahali kama hapo akague kwanza kompyuta yake na kubeba waya unaofaa. Kasi ya nyumba haimsaidii mtu ambaye kifaa chake hakiwezi kuipokea.

Kasoro kubwa niliigundua kwa kuchelewa, na naisema kwa uchungu kwa sababu iligharimu wiki tano kati ya kumi na tatu nilizopewa. Kwa kuwa kila kitu kilifunguka papo hapo mbele yangu, niliziacha video zikiwa na picha nzito, nikaongeza na maonyesho ya majaribio ya maabara, hadi mwalimu aliponipigia simu: "Dada, huku darasani hazifunguki kabisa. Wanafunzi wamekaa tu wanasubiri." Nilijifunza kuipunguza kasi ya intaneti kwenye kompyuta yangu kwa makusudi hadi kilobiti 256 kwa sekunde, nikaona alichokuwa anakiona yeye, kisha nikaanza upya kwa picha ndogo, sauti iliyobanwa vizuri, na masomo mafupi ambayo mwanafunzi angeweza kuyapakua usiku kwa kifurushi cha bei nafuu.

Kuhusu maisha ya ndani sina malalamiko mengi. Mwenyeji alikuwa muungwana, hakudai hisa wala malipo yoyote, na chumba changu cha chini ya ardhi kilikuwa kikavu na tulivu, ingawa bafu moja kwa watu watano ni taabu. Waandishi wa habari na watu waliotaka kuijaribu intaneti kwa macho yao walikuja mara kwa mara, na kila ujio ulituondolea saa nzima ya kazi. Ningeshauri mwenye nyumba apange siku moja ya wageni kwa wiki na kuwaeleza wakazi kabla hawajahamia.

Miezi mitatu bila kodi ilinipa nafasi ya kukamilisha mada zote za kidato cha tano, kazi ambayo Minneapolis ningeifanya usiku tu, baada ya kibarua. Siku nilipoondoka nilimwachia kijana aliyekuja kuchukua chumba changu waya wangu, pamoja na karatasi niliyoandika amri za kupunguza kasi ya intaneti kwenye kompyuta.