Upinde wa Bear Grizzly na tochi ya Fenix HM65R: nimetoka navyo kuwinda kulungu Michigan, haya ndio maoni yangu

Nianze na jibu kwa wavivu wa kusoma: ukiwa na hela ya kitu kimoja tu cha maana kabla hujaenda kuwinda kulungu kwa upinde wa kienyeji, iweke kwenye tochi. Upinde utaazima, utapata wa mtumba, ila tochi ya ovyo inakupotezea nyama usiku na mnyama mwenyewe ushamuua.

Waswahili tuko wengi Grand Rapids siku hizi, hasa ndugu zetu wa Kongo, lakini wanaowinda wachache, wengi wanaogopa makaratasi. Makaratasi yenyewe wala sio mengi, kuna kozi ya usalama kwa aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1960, unakata leseni, umemaliza. Msimu wa upinde unaanza 1 Oktoba mpaka 14 Novemba, kesho yake bunduki zinaingia na mimi hiyo siku nakaa kwangu na chai yangu. Tulikuwa msitu wa Manistee upande wa Baldwin, unashika barabara ya M-37 kwenda kaskazini, saa moja na kitu umefika.

Haya, upinde. Bear Grizzly ni recurve, yani zile zenye ncha zilizopinda kwenda mbele, urefu inchi 58, wangu ni wa pauni 45, yani nguvu ya kuuvuta, sio uzito wake. Hauna magurudumu kama pinde za kisasa, hauna cha kulengea, ni mbao na upote (kamba yake) na macho yako basi. Kampuni yenyewe Fred Bear aliianzisha Detroit mwaka 1933, 1947 ikahamia Grayling ambapo ni hukuhuku Michigan, baadae ndo wakaenda Florida, kwahiyo wazee wa huku ukiwatolea huu upinde wanaanza stori hawamalizi, mmoja pale kituo cha mafuta alinishika mpaka mafuta yakajaa na foleni ikanipigia honi.

Uzuri wake ni ufupi. Ukiwa umekaa juu ya mti au umejikunyata kwenye vichaka hauparamii matawi, unavuta na kuachia bila kugonga kitu. Ubaya wake nao ni huohuo ufupi, kwa mtu mwenye mikono mirefu upote unakunja pembe kali na unabana vidole, lazima uvae glavu ya vidole vitatu na hata hivyo utasikia. Afu zile pauni 45 zinapimwa ukivuta inchi 28, ukivuta zaidi uzito unapanda na ukivuta pungufu unashuka, kwahiyo pima unavuta inchi ngapi kabla hujalipa. Upote ulivyotoka kiwandani unapiga kelele, funga vile vimanyoya vya kuzimia sauti, vinauzwa bei ya soda. Mishale chukua yenye manyoya halisi, ya plastiki itagonga ubavu wa upinde na kwenda inakotaka maana huu unapiga mshale ukiwa umelala juu ya mbao yenyewe.

Umbali? Yadi 15, ukiwa mzuri sana 20. Anayekwambia anapiga kulungu yadi 40 kwa recurve muombe akuonyeshe kwenye boksi la shabaha kwanza. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi pinde zao ni ngumu kuvuta kuliko huu wangu na kwa mnyama mkubwa wanaweka sumu kwenye chembe, yani ncha ya mshale. Huku sumu hairuhusiwi, chembe inakuwa wembe mtupu, mnyama anakufa kwa kutoka damu, na kulungu hata ukimpiga mapafu sawasawa anaweza kukimbia mita mia ndio aanguke. Halafu sasa angalia saa: sheria inakuruhusu kupiga mpaka nusu saa baada ya jua kuzama, na kulungu nao ndio muda wanaotoka kula, ukishampiga unatakiwa ukae kimya nusu saa nyingine usimsumbue alale chini, ukimpiga tumboni ndo kabisa unasubiri masaa sita nane. Ukija kunyanyuka ni giza totoro na majani yamejaa chini. Ndio maana nasema tochi.

Tulikuwa na tochi tatu tofauti. Ya kwanza ile ya mtandaoni, jina silitaji, boksi limeandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) laki moja, laki moja aisee kama unataka kutua ndege. Iliwaka vizuri dakika chache ikaanza kufifia na baridi ile ikawa kama kibatari, na mwanga wake wa bluu bluu ulifanya kila jani lionekane kijivu. Ya pili ni ile taa ndogo nyekundu ya kubana kwenye kofia. Hii nzuri alfajiri ukiwa unaingia porini, kulungu rangi nyekundu hawaioni vizuri, bluu ndio wanaiona sana, ila usithubutu kufuata damu na taa nyekundu, damu inapotea kabisa, unaikanyaga huioni.

Fenix HM65R ndo iliyotutoa. Inavaliwa kichwani, mwili wake magnesiamu, betri ni ile ya kuchaji inayoitwa 18650, unachaji kwa USB-C kama simu, ukiwasha zote inafika lumeni 1400 lakini huko wala hatukufika. Ina taa mbili, moja ya kupiga mbali na moja ya kumwaga mwanga karibu, na ni hii ya karibu uliyoishusha kiasi ndiyo inayofaa. Oktoba majani ya miti ya mepo (maple) yana vidoadoa vyekundu vya asili, vitakutoa jasho. Damu mbichi ukiimulika kwa pembeni inang'aa, kidoa cha jani haking'ai, na ukiwa na wasiwasi unalowesha tishu na mate unapangusa, ikija rangi ni damu. Kila tone tuliacha kipande cha tishu juu ya kichaka, ukigeuka nyuma unaona mstari mweupe unakuonyesha alikoelekea. Yalikuwa matone ya pinki yenye vipovu, hayo ni mapafu, na kweli alikuwa amelala nyuma ya gogo.

Malalamiko yapo. Taa nyekundu haina, inabidi ubebe nyingine. Ukiiweka juu kabisa inachemka kwenye paji la uso na yenyewe inajishusha. Bei inacheza karibu na dola 100 na hiyo inauma kwa tochi. Betri ya akiba weka mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inaimaliza.

Na tafadhali, ukirudi kufuata damu acha upinde kwenye gari. Bwana nyama akikukuta unamulika kulungu usiku na upinde mkononi hakuna maelezo atakayosikiliza, hapo ushakuwa jangili.

Kuhusu kununua: Grizzly mpya inapita dola 300, mtumba zipo nyingi na zinafaa, ila toa upote, angalia mikono yote miwili ya upinde kwa urefu uone kama haijajinyonga, pitisha kidole pembeni utafute nyufa. Anayeanza achukue pauni 35 au 40 ajifunze nayo miezi kadhaa, ila walioko Ohio waanzie 40 moja kwa moja, kule chini ya hapo hawakuruhusu kumpiga kulungu.