Sfinksi wa Naxos katika Makumbusho ya Delphi

Kwa msomaji anayepanga safari ya Ugiriki na anayependa visasili, Makumbusho ya Akiolojia ya Delphi yanastahili kutengewa siku nzima, na sababu ya kwanza kwangu ni Sfinksi wa Naxos, sanamu ya marumaru yenye kimo cha mita 2.22 iliyochongwa karibu na mwaka 560 K.K. Wageni wengi humpita haraka wakielekea kwenye sanamu ya bronzi ya mwendesha gari la farasi, ambayo kwa kweli ni kazi bora. Lakini aliyenirudisha ukumbini ni sfinksi.

Ana uso wa mwanamke, mwili wa simba na mabawa yaliyoinuliwa juu ya mgongo, naye ameketi kwa miguu ya nyuma huku ile ya mbele ikiwa imenyooka. Ni tofauti kabisa na yule wa Giza kule Misri, aliyelala chini, asiye na mabawa na mwenye uso wa mfalme. Umbo hili liliwafikia Wagiriki kutoka Misri na nchi za mashariki, na kwao likawa kwa kawaida la kike na lenye mabawa. Nashauri usimame ubavuni mwake kwa muda, kwa sababu manyoya ya kifuani na ya mabawa yamechongwa kwa subira ambayo ukiwa mbele yake huioni vizuri, na tabasamu lile dogo la sanamu za enzi hizo hupata ukali fulani unapolitazama kwa upande.

Sanamu hii ilitolewa kwa mungu Apollo na watu wa Naxos, kisiwa kilichotajirika kwa marumaru yake, nayo ilisimamishwa juu ya nguzo ya mtindo wa Kiayoni chini kidogo ya hekalu la mungu huyo hapo Delphi, hata jumla ya kimo chake ikapita mita 12. Kwenye kitako cha nguzo kuna maandishi ya karne ya nne K.K. yanayowathibitishia Wanaxos haki ya kutangulia wengine kumwendea kuhani wa Apollo kuuliza mambo yao. Kwa hiyo sfinksi huyu hakumtega mtu kitendawili, tofauti na yule wa visasili wa mji wa Thebes, aliyewala walioshindwa kujibu. Alikuwa mlinzi wa mahali patakatifu, kama wenzake waliowekwa juu ya makaburi ya Wagiriki, na vilevile tangazo la fahari ya kisiwa kizima.

Ndiyo maana sikuridhika na mwongozaji niliyemkodi, ambaye alitumia karibu muda wake wote kusimulia habari za Oedipus, aliyetegua kitendawili cha sfinksi huyo kuhusu kile kiumbe chenye miguu minne asubuhi, miwili mchana na mitatu jioni. Sisi tuliokua tukitegana vitendawili jioni hatuwezi kukichoka kisa hicho, nami nilikisikiliza kwa furaha. Lakini ni kisa cha Thebes, na anayekieleza mbele ya sanamu hii bila kutaja Naxos wala nguzo humwacha mgeni akidhani kwamba anamtazama yule mla watu. Ni afadhali kusoma mapema na kuingia peke yako.

Kitu kimoja ambacho ukumbi hauwezi kukurudishia ni ule urefu wa nguzo, kwa kuwa ndani sfinksi yuko karibu na macho yako kuliko mchongaji alivyokusudia. Kwa sababu hiyo anza na magofu ya mahali patakatifu pa Apollo, ambayo huingiwa kwa tiketi ileile ya makumbusho: simama karibu na Ukumbi wa Waathene, inua macho na ukadirie mahali kilipofika kichwa chake, kisha ndipo ushuke kumwona. Kutoka Athens ni kilomita 180 hivi, takriban saa tatu kwa basi, na njia hupita karibu na Thebes yenyewe, kwa hiyo mwenye gari lake anaweza kusimama huko pia.