Masnavi ya Rumi, kitabu cha kwanza: kisomeni kwa sauti

Kitabu hiki cha mashairi ya Rumi, yule mshairi wa Kisufi wa Kiajemi, niko nacho toka Rajabu na leo ndo naandika, maana mwanzo kilinishinda kabisa. Nilikiagiza Mombasa kikaja na basi hadi Mokowe, kwenye gati la boti za Lamu, halafu boti, kona moja imerowa maji ya chumvi lakini kurasa zote zasomeka. Ni ile tafsiri ya Kiingereza ya Jawid Mojaddedi ya 2004, na mjue mapema hiki ni cha kwanza tu, Masnavi nzima ni vitabu 6, beti kama 25,000, Rumi alikuwa akizitoa kwa mdomo kule Konya, Uturuki, na mwanafunzi wake Husam al-Din akiandika. Mimi nikakisoma kimyakimya kama riwaya. Kisa chaanza, katikati chaingia kisa chengine, mara mawaidha, ushasahau ulikotoka.

Siku moja stima zikapotea nikamsomea nyanya barazani na tochi ya simu, namfasiria mstari kwa mstari, nikaanza pale mwanzo kabisa filimbi ya mwanzi inapolia kwa kuwa imekatwa kwenye matete ya kwao. Nyanya akasema, "Si nai hiyo?" Nai ya maulidi ya pale msikiti wa Riyadha ameisikia tangu mdogo. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe yalilia kwao." Mimi hapo nilikuwa nimeshapita mara tatu sikuona kitu.

Halafu kile kisa cha kasuku wallahi! Tajiri anasafiri Bara Hindi, kasuku wake wa tunduni anamtuma awasalimie kasuku wa huko, sasa mmoja kusikia tu zile salamu akaanguka, kafa. Tajiri akarudi akasimulia, na kasuku wake naye akaanguka papo hapo, tajiri akamtoa tunduni huku analia akamtupa nje, kasuku huyooo juu ya mti. Kumbe yule wa Hindi alikuwa anamfundisha njia ya kutoka, kwamba kilichomfunga ni hiyo sauti yake tamu. Nyanya akanishika mkono, "Hebu rudia hapo mwanangu." Tulilala saa saba usiku.

Maandishi ni madogo na maelezo yamewekwa nyuma kabisa, utafunua funua mpaka uchoke. Lakini tafsiri ina vina, na sisi tuliolelewa na tenzi sikio lapokea haraka, natamani sana mtu wetu aitie Kiswahili.

Cha pili nshaagiza. Kila jioni nyanya aniuliza kama boti ya Mokowe imefika.